Hela zimetoka kwenye kadi na hukuzitoa wewe: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Meseji zinazonijia kuhusu hili jambo zinafanana sana. Mtu anaona makato asiyoyajua, anapiga simu benki, kadi inafungwa, anashukuru Mungu anaendelea na maisha, afu wiki kadhaa baadaye anauliza mbona hela haijarudi, au mbona anadaiwa mkopo ambao hajawahi kuomba. Ukimuuliza namba ya malalamiko hana. Ukimuuliza kama aliandika kupinga ile miamala anajibu "si niliwapigia simu?"

Hapo ndo wengi wanapokwama. Kufunga kadi kunazuia hela isiendelee kutoka, basi. Hakurudishi iliyokwisha kutoka, hakumtoi mwizi kwenye barua pepe yako, na hakumzuii mtu mwenye picha ya kitambulisho chako asikope kwa jina lako. Kila moja hapo ina mlango wake wa kugonga, na milango mingine ina muda, ukichelewa inafungwa.

Kama unasoma hivi na hela bado zinatoka sahivi, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 1, haya mengine utayarudia ukishatulia.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu au kompyuta unayoiamini. Kama uligusa linki ya ajabu au kuna mtu alikuelekeza uweke programu fulani kwenye simu yako, hiyo simu usiitumie kwa hatua yoyote hapa, azima ya ndugu wa karibu.
- Namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa nyuma ya kadi, au iliyomo ndani ya app ya benki. Usiitafute kwenye intaneti wala kwenye mitandao ya kijamii, matapeli wanaweka namba zao huko wakijua mtu aliyeibiwa anatafuta kwa haraka.
- Kitambulisho chako na namba ya akaunti.
- Steitimenti ya angalau miezi mitatu iliyopita.
- Daftari, au faili moja kwenye simu, la kuandika kila kitu.

## Kwanza, hakikisha kweli ni wizi

Hii isikuchukue zaidi ya dakika chache. Jina linalotokea kwenye steitimenti mara nyingi si jina la duka unalolijua, linaweza kuwa la kampuni inayomiliki duka au inayolipokelea malipo. Angalia pia huduma za kulipia kila mwezi ulizojiunga nazo ukasahau, na muulize mtu wa nyumbani anayetumia kadi hiyo. Halafu kuna hela "iliyoshikiliwa", hoteli na vituo vya mafuta hushikilia kiasi kwa muda kisha kinaachiwa.

Ila usipuuze makato kwa sababu ni madogo. Mwizi mwenye namba za kadi huanza kwa kujaribu kiasi kidogo sana ili aone kama kadi iko hai, ikikubali ndo anakuja na kikubwa. Kama hukitambui na nyumbani hakuna anayekitambua, chukulia ni wizi.

Kuna tofauti moja uijue mapema maana benki itakuuliza: je, hela ilitoka bila wewe kujua, au uliituma mwenyewe baada ya kudanganywa? Zote ni utapeli na zote ziripoti, lakini zinashughulikiwa kwa njia tofauti. Ile ya pili ni ngumu zaidi kurudishwa na inahitaji benki yako iiwahi benki iliyopokea kabla hela haijatolewa, kwa hiyo hapo hata nusu saa ni kubwa.

## Hatua ya 1: Funga kadi na ulinde salio

Ingia kwenye app ya benki uzime kadi, afu papo hapo piga simu. Fanya vyote viwili. Kuzima kwenye app mara nyingi ni kuisimamisha kwa muda tu, na kuna malipo ya kujirudia yanayoweza kupita hata ikiwa imesimamishwa. Unachotaka ni kadi ifutwe kabisa na itolewe mpya yenye namba mpya.

Kadi ya debiti inauma kuliko kadi ya mkopo kwa sababu kinachotoka ni hela yako mwenyewe, hela ya kodi ya nyumba na ya kula, si hela ya benki. Ndo maana hapa hatusubiri kesho asubuhi.

Ukiwa kwenye simu na benki, hakikisha umeuliza haya yote kabla hujakata:

1. Kadi imefutwa au imesimamishwa tu?
2. Kuna muamala mwingine unaosubiri kupita ambao mimi siuoni?
3. Kadi hii imeunganishwa kwenye simu yoyote kwa ajili ya kulipia? Kama ipo, futeni zote.
4. Kuna mtu amebadilisha namba ya simu, barua pepe au anwani kwenye akaunti yangu?
5. Namba ya malalamiko yangu ni ipi, na ninaongea na nani?

Swali la 3 watu wengi hawalijui. Siku hizi mwizi akipata namba za kadi anaweza kuiweka kwenye Apple Pay au Google Pay (huduma za kulipia kwa kugusisha simu badala ya kadi) ya simu yake, kinachomzuia ni ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwako kwa meseji. Akikupigia akajifanya mtu wa benki ukamsomea, kadi yako inakuwa ndani ya simu yake na atalipia madukani kama vile anayo mkononi. Ukienda kurudi nyuma kwenye meseji zako utakuta imeandikwa wazi kwamba namba hii ni ya kuongeza kadi kwenye simu, lakini mtu akiwa na hofu anasoma tarakimu tu, yale maneno hayaoni. Soma maneno kwanza, siku zote.

Kama salio limebaki na una akaunti nyingine yako mwenyewe isiyounganishwa na hiyo kadi, hamishia huko. Kama hakuna, waombe benki wazuie akaunti yote mpaka utakapofika tawini.

Onyo: Mtu akikupigia wewe akasema uhamishie hela kwenye "akaunti salama" aliyokuandalia, huyo ndo mwizi. Hakuna benki inayomwambia mteja afanye hivyo. Kata simu, subiri kidogo, piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi. Hata kama kwenye kioo limetokea jina la benki usiamini, namba inayotokea inaweza kughushiwa.

Utajua umefaulu: umepata meseji au barua pepe ya kwamba kadi imefutwa, na una namba ya malalamiko umeiandika. Ukikosa hiyo namba, hesabu kwamba hujaripoti.

## Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kabla haujapotea

Piga skrinishoti za kila muamala ukiwa bado unasubiri na tena ukishapita, maana jina la mfanyabiashara na hata kiasi vinaweza kubadilika kati ya hizo hali mbili. Usifute meseji yoyote, hata ile ya aibu uliyomjibu tapeli. Najua mtu anatamani kufuta asahau, lakini hiyo meseji ndo inaonyesha ulidanganywaje.

Kisha andika kwenye daftari kila muamala kwa mstari wake. Iwe namna hii:

*Muamala wa 2. Tarehe 9, saa 3:42 asubuhi. Malipo ya mtandaoni. Jina lililotokea kwenye steitimenti (nakili herufi kwa herufi). Kiasi. Sijaufanya. Kadi nilikuwa nayo kwenye pochi. Sikupokea meseji ya uthibitisho.*

Na simu zote unazopiga nazo ziandike: tarehe, saa, uliongea na nani, alisema nini, aliahidi lini. Inaonekana kazi ya kuchosha, lakini wiki tatu baadaye mtu mwingine wa huduma kwa wateja atakwambia kwenye mfumo hakuna kumbukumbu kwamba ulipiga, na hapo daftari ndo litakusemea.

Utajua umefaulu: mtu asiyejua chochote anaweza kusoma kurasa zako akaelewa nini kilitokea, kwa mpangilio, bila kukuuliza.

## Hatua ya 3: Pinga kila muamala kwa maandishi

Hii ndo hatua inayorudisha hela, na ndo hatua watu wanairuka.

Mfumo unaenda hivi. Ukipinga malipo ya kadi, benki yako inapeleka madai kupitia mtandao wa kadi, yaani Visa, Mastercard au mwingine, mpaka benki ya mfanyabiashara aliyepokea hela. Mfanyabiashara anatakiwa atoe ushahidi kwamba malipo yalikuwa halali, akishindwa hela inarudi. Mtandao wa kadi una ukomo wa muda, kwa madai mengi ya wizi ni siku 120, lakini usijipe raha kwa hiyo namba, benki yako inaweza kuwa na muda mfupi zaidi kwenye mkataba wako na sheria ya nchi nayo ina yake.

Mfano mzuri ni Marekani. Ukipoteza kadi ya debiti au ikiibiwa, ukatoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue, hasara yako haizidi dola 50. Ukipitisha hapo inaweza kufika dola 500. Na ukikaa zaidi ya siku 60 tangu utumiwe steitimenti yenye hayo makato, yatakayoibiwa baada ya hapo unaweza kuyabeba yote mwenyewe. Umoja wa Ulaya nao una kiwango cha euro 50 kwa kadi iliyopotea au kuibiwa, na unataka utoe taarifa bila kuchelewa. Nchi yako ina kanuni zake, waulize benki wakuonyeshe kwa maandishi ukomo ni siku ngapi.

Jaza fomu yao ya kupinga muamala. Kama hawana, andika barua au barua pepe, fupi tu:

*Mimi (jina kamili), akaunti namba (…), napinga miamala ifuatayo iliyofanyika kwa kadi inayoishia na (tarakimu nne za mwisho). Sikuifanya, sikumruhusu mtu yeyote kuifanya, na sikunufaika nayo. Niliripoti kwa simu tarehe (…) saa (…), namba ya malalamiko (…). Naomba nirudishiwe kiasi chote pamoja na makato ya huduma yaliyotokana nayo. Naomba pia mnieleze kwa maandishi kila muamala ulithibitishwa kwa njia gani. Nimeambatanisha orodha na ushahidi.*

Ile sentensi ya kuuliza njia ya uthibitisho usiitoe kabisa, ina nguvu kuliko zote. Muamala wa kadi unaacha alama: ulisomwa kwa chipu, kwa ule mkanda mweusi wa nyuma, kwa kugusisha, au namba zilichapwa mtandaoni. Chipu inatengeneza alama mpya kwa kila muamala kwa hiyo ni ngumu sana kunakili, mkanda unatoa taarifa zilezile kila mara, ndo maana wezi wanaofunga vifaa vyao kwenye mashine za kutolea pesa wanauwinda mkanda. Sasa benki ikikujibu "namba ya siri ilitumika kwa hiyo ni wewe", wewe unauliza chipu ilisomwa au mkanda? Kama ni mkanda, kadi kunakiliwa na namba ya siri kuchukuliwa na kamera ndogo ni jambo linalofahamika kabisa kwenye kazi hiyo. Na kama muamala ulifanyika mji mwingine wakati kadi unayo, tafuta ushahidi wa ulipokuwa: risiti ya siku hiyo, saini ya kazini, chochote chenye saa.

Sema ukweli wote. Kama ulitoa namba ya uthibitisho sema ulitoa, eleza na ulivyodanganywa mpaka ukatoa. Ukificha na wao wakaikuta kwenye kumbukumbu zao, hata yale mengine uliyosema kweli hawatayaamini tena.

Makosa ninayoyaona sana: kupinga muamala mkubwa tu na kuacha ule mdogo wa majaribio. Pinga yote. Ule mdogo unaonyesha mwizi alianza lini, na ukiuacha unakuwa kama umekubali kwamba ni wewe uliyekuwa unaitumia kadi kwa huyo mfanyabiashara.

Utajua umefaulu: una nakala yenye mhuri wa kupokelewa, au barua pepe ya kuthibitisha wameipata, yenye tarehe na muda watakaokujibu.

## Hatua ya 4: Barua pepe na laini ya simu, leo hiihii

Benki imetulia? Sasa njoo huku haraka. Barua pepe ndo ufunguo wa nyumba nzima, mtu akiwa nayo anabofya "nimesahau nywila" kwenye kila huduma uliyonayo na anaingia bila kubisha hodi.

Kwa kifaa unachokiamini, ingia kwenye barua pepe ufanye kwa mpangilio huu. Badilisha nywila, iwe ndefu na isiwe unayotumia mahali pengine popote. Toa vifaa vyote vilivyoingia. Angalia namba ya simu na barua pepe ya akiba za kurejesha akaunti kama bado ni zako. Kisha nenda kwenye mipangilio ya kusambaza barua na ile ya kuzichuja, hapa ndo panasahaulika mno. Mwizi anaweka amri kwamba kila barua itokayo benki isogezwe kwenye takataka au nakala iende kwake, na hiyo amri inabaki hata ukibadilisha nywila mara ngapi. Ukiikuta ipige skrinishoti, afu uifute.

Washa uthibitisho wa hatua mbili, na kama huduma inakubali tumia programu ya kutoa namba kwenye simu badala ya meseji, maana meseji zinaifuata laini, na laini inaweza kuibiwa.

Kuhusu laini: kama simu yako ilikosa mtandao ghafla wakati wengine mlio nao wanao, kuna uwezekano mtu ame-renew laini yako kwenye simukadi nyingine. Azima simu, piga kampuni ya simu waifunge laini, nenda dukani kwao na kitambulisho urudishiwe, afu waombe waweke ulinzi wa ziada kwamba laini haibadilishwi mpaka uwepo mwenyewe au kwa namba ya siri. Waulize pia ilibadilishwa lini na saa ngapi. Kama muda unalingana na miamala, huo ni ushahidi mzito sana wa kupeleka benki.

Na kama uliwekewa programu ya kuendesha simu kwa mbali, kama AnyDesk au TeamViewer, kata intaneti kwanza, toa hiyo programu, kisha kagua programu zenye ruhusa ya kusoma kioo na kubofya kwa niaba yako. Programu zenyewe ni halali, mafundi wanazitumia kila siku, tatizo ni aliyekuelekeza uziweke. Mimi ningekwenda mbali zaidi, ningehifadhi picha na kuisafisha simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, ndo nirudishe app ya benki.

Utajua umefaulu: hakuna kifaa usichokijua kwenye orodha, meseji zinaingia kwako, na hakuna amri ya kusambaza barua.

## Hatua ya 5: Polisi

Nenda hata kama unaamini hawatamkamata mtu. Unachofuata ni namba ya ripoti na nakala yake, kwa sababu benki, kampuni za mikopo na ofisi ya vitambulisho wataidai. Nenda na ile orodha yako iliyochapwa, afisa ataandika kwa usahihi kuliko ukimsimulia kichwani. Kabla hujasaini soma: majina, tarehe, kiasi, na kwamba imeandikwa utambulisho wako umetumika, kama ndivyo ilivyo. Kurekebisha ripoti baadaye ni shida.

## Hatua ya 6: Kama wana jina lako, sio kadi tu

Wizi wa kadi unaisha kadi ikifa. Wizi wa utambulisho hauna mwisho wa namna hiyo, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa havibadilishwi kama kadi. Ingia hatua hii kama ulituma picha ya kitambulisho kwa mtu, kama pochi nzima iliibiwa, au ukiona dalili hizi: simu za kudai mkopo usioujua, barua za akaunti ambayo hukuifungua, kukataliwa mkopo bila sababu, au laini za simu zilizosajiliwa kwa jina lako.

Anza kwa kuomba taarifa zako za mikopo kutoka ofisi zinazozitunza nchini kwako, zote kama zipo zaidi ya moja, kwa sababu mkopeshaji mmoja anaweza kupeleka taarifa kwa moja tu. Soma mstari kwa mstari, hata anwani. Anwani usiyoijua ni alama kwamba mtu aliomba kitu akajiandikia makazi mengine. Waombe waweke tahadhari au wafunge taarifa zako ili mkopo mpya usitoke bila wewe kuthibitishwa.

Kisha kila mkopeshaji mwandikie peke yake: deni hili si langu, sikuomba, hii hapa ripoti ya polisi, naomba nakala ya maombi yote na namba ya akaunti au simu ambako hela ilitumwa, simamisheni kunidai na mrekebishe taarifa mlizopeleka. Hizo nakala zina thamani sana, mara nyingi utakuta picha ya uso si yako, au saini haifanani, au hela ilikwenda kwenye namba ambayo hujawahi kuimiliki.

Onyo: Usilipe hata kidogo ili "wakuache upumue". Wadai wanajua kubembeleza, watakwambia lipa kiasi hiki tu tuifunge. Malipo hayo yanaweza kuchukuliwa kwamba umelikubali deni, na ukishafika hapo kujitoa ni vita. Jibu ni moja, kwa upole na kwa maandishi: si langu, nitumieni nakala ya maombi.

Ripoti kitambulisho kwa ofisi inayokitoa hata kama cha plastiki unacho mkononi na kilichovuja ni picha tu. Na kuanzia sasa ukilazimika kumtumia mtu nakala, andika juu ya picha yenyewe imetolewa kwa ajili ya nini na tarehe gani, maneno yapite juu ya maandishi ya kitambulisho ili isiweze kukatwa na kutumika kwingine.

Utajua umefaulu: mkopeshaji amekuandikia kwamba hudaiwi, na ukiomba tena taarifa zako za mikopo lile deni halipo. Barua peke yake haitoshi, hakikisha limetoka.

## Hatua ya 7: Tafuta palipovuja

Ukijua palipovuja unajua na kipi kingine kiko hatarini. Fikiria hivi. Maduka ya mtandaoni yanayohifadhi kadi hayaruhusiwi, kwa kanuni za mitandao ya kadi, kutunza zile tarakimu tatu za nyuma baada ya malipo kuidhinishwa. Kwa hiyo kama mwizi alitumia na hizo tarakimu, inawezekana sana uliziandika kwenye ukurasa wa uongo, au tovuti uliyolipia ilikuwa imepandikizwa kitu kinachonakili unavyochapa. Kama miamala ilikuwa ya mashine za kutolea pesa, fikiria ni mashine gani uliitumia siku za karibuni. Na kama kadi mpya kabisa ambayo hujawahi kuitumia imeibiwa, wezi wana programu za kubahatisha namba, tarakimu za mwanzo zinatambulisha benki na zinajulikana, kwa hiyo wakati mwingine kweli hukukosea popote.

Futa kadi ya zamani kwenye tovuti zote, app zote na brauza.

## Hatua ya 8: Fuatilia, na wakikataa usiishie hapo

Weka kikumbusho kwenye simu cha tarehe waliyoahidi kujibu. Siku ikifika bila jibu, waandikie siku hiyohiyo ukitaja namba ya malalamiko.

Benki nyingine zinakurudishia hela kwa muda wakati wanachunguza. Usiitumie kama unaweza kuvumilia, wakimaliza uchunguzi wakaona madai hayakuthibitika wanaichukua, na ukiwa umeshaitumia akaunti inaingia kwenye hasi.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi na ushahidi walioutegemea. Jibu la "uchunguzi umeonyesha muamala ni halali" halitoshi, rudi na lile swali la njia ya uthibitisho. Omba ipelekwe ngazi ya juu ndani ya benki na upate jibu lao la mwisho, kisha nenda kwa chombo cha nje kinachosimamia mabenki au kinachopokea malalamiko ya wateja. Karibu vyote vitakuuliza kama ulimaliza ngazi za ndani kwanza, kwa hiyo hilo jibu la mwisho ni tiketi yako.

Onyo kubwa: Kwenye kipindi hiki atakutafuta mtu anayesema anaweza kukurudishia hela kwa malipo kidogo ya mwanzo. Atajiita mwanasheria, mtaalamu wa mtandao, hata afisa wa serikali, na atajua kiasi ulichoibiwa. Anajua kwa sababu ni walewale au wameuziwa orodha yako. Watu walioumia wanaibiwa mara ya pili hapa na inaniuma sana kuona. Usimlipe mtu yeyote ili akurudishie hela iliyoibiwa.

## Hatua ya 9: Kadi mpya ikifika

Chagua namba ya siri mpya kabisa. Weka ukomo mdogo wa matumizi kwa siku, zima malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi uyawashe unapoyahitaji tu, na washa taarifa ya meseji kwa kila muamala bila kujali ukubwa. Kama inawezekana fungua akaunti ya pili isiyo na kadi, hela kubwa ikae huko, na ile yenye kadi iwe na matumizi ya wiki.

Uliza pia benki kama mtandao wa kadi unawapelekea wafanyabiashara namba mpya moja kwa moja. Huduma hiyo ipo kwa ajili ya malipo ya kila mwezi yasikatike, ila kama mwizi alijiunga na huduma fulani kwa kadi yako inaweza kuendelea kukata kwenye kadi mpya. Waambie waizime.

Steitimenti pitia kila wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila mwezi. Taarifa za mikopo omba tena baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka, kwa sababu vitambulisho vilivyovuja vinauzwa na anayevinunua anaweza kuvikalia kwanza. Daftari, ripoti ya polisi na barua zote za kukusafisha ziweke kwenye bahasha moja na nakala zake mahali pengine, deni la uongo likiuzwa kwa kampuni nyingine ya kukusanya madeni utazihitaji tena hata kama miaka imepita.